Masika Niliyosimama Duarani

2 Machi

Leo nimechaguliwa. Mkutano wa mtaa ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na nilipotajwa mimi makofi yalipigwa hadi vumbi likadondoka kutoka darini. Mama watoto anasema watu walikuwa wachache na wawili walikuwa wamesinzia. Yeye alikaa nyuma, angeona nini?

Cheo changu ni Msimamizi wa Kituo cha Dharura, Bondeni. Kazi yangu ya siku zote ni fundi matairi pale mzunguko wa barabara, na watu wote huniita Mjomba, hata wale walionizidi umri. Shule nilisoma mpaka darasa la sita. La saba liliniogopa likafunga mlango.

Walinichagua kwa ajili ya sauti. Kuna siku nilimwita fundi mwenzangu aliyekuwa ng'ambo ya mto, na basi lililokuwa limeshaondoka stendi likarudi nyuma, dereva akidhani kuna abiria kasahaulika. Hilo halina ubishi, konda wake yupo hai.

Niandike na sababu ya haya yote, maana mwakani watu watasahau. Mwaka jana maji yalipoingia Bondeni, zimamoto walisubiri barua kutoka idara ya ujenzi. Ujenzi wakasubiri umeme uzimwe. Watu wa umeme wakasubiri simu ya meya. Na meya alikuwa amekwama kwenye foleni, nyuma ya gari la zimamoto. Tulijiokoa wenyewe kwa milango ya makabati, na tulizika majirani. Basi mwaka huu jiji limeunda Ofisi ya Dharura. Wakuu wa idara zote watakaa meza moja, katika chumba kimoja kiitwacho Chumba tu, na kila mtaa wa hatari una kituo chake. Juu ya wote yupo Mratibu.

Mratibu ni binti wa dada yangu. Nimembeba mgongoni huyo, akinikojolea. Leo aliniangalia kama daftari la mahudhurio, akasema, "Hongera, Kituo cha Bondeni."

Kituo! Mimi, mjomba wake wa damu!

5 Machi

Kibarua wa manispaa kaja na ndoo ya rangi, kachora duara jeupe mbele ya kinu cha nafaka. Nikamuuliza, hili la nini, tunafuga mbuzi?

"La kwako," akasema. "Msimamizi anasimama humu. Hatoki."

"Hata kwenda haja?"

"Unamkabidhi mtu kwanza, kwa mdomo, watu wasikie. Halafu unakwenda."

Nilimpigia Mratibu papo hapo. Nikamwambia mtu kama mimi, niliyewahi kuinua lori kwa bega wakati mwenye lori akitafuta jeki, hafungwi kwenye duara. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, mwaka jana muuguzi alizunguka Bondeni nzima akiuliza nani mkubwa hapa. Kila aliyemuuliza alikuwa amebeba kitu. Nataka mwaka huu asiulize. Aone duara, aone mtu, aambiwe."

Nikakata simu kwa hasira. Kwa kweli salio ndilo lililoisha.

6 Machi

Watoto wanacheza ndani ya duara langu. Nimewafukuza. Wamerudi.

9 Machi

Nimekwenda kumsalimia dada. Yeye ndiye mkubwa wetu, mama yake Mratibu, anashona sare za shule kwenye nyumba ya mwisho kabisa, ile yenye mlango wa bluu, ambapo ukitema mbegu dirishani inaangukia mtoni. Nyonga yake ni mbovu tangu alipoanguka, anatembea kwa kushika ukuta. Binti yake amemsihi ahamie kwake mjini juu, amekataa katakata.

"Kule hata jirani akikohoa anaomba radhi," kasema. "Nitaongea na nani?"

Nikamweleza cheo changu. Akacheka mpaka akatema pini alizokuwa amezibana mdomoni.

"Wewe? Uliyeshindwa kusimamia kuku?"

"Kuku walikuwa wakaidi, dada."

Alipomaliza kucheka alinishika mkono. "Nisikilize. Siku maji yakija, uje wewe. Sitaki mikono ya watu kunibeba kama gunia. Mume wangu alinioa nimesimama kwa miguu yangu, na sitaki mtaa unione nikibebwa."

Nikaapa. Nikasema nitakuja mwenyewe, hata mto uote meno.

14 Machi

Leo ilikuwa siku ya zoezi, na mimi ndiye niliyekuwa nyota. Wacha niandike polepole.

Majeruhi wa kuigiza walilazwa kila kona wamepakwa rangi nyekundu. Bucha wetu, mtu mzima mwenye tumbo la kufungulia milango, aliambiwa ajifanye kavunjika mguu. Nikiwa duarani namwona pale amelala anaguna, watu wanapita tu. Damu ikanichemka. Nikaruka, nikamtupa mgongoni kama mto wa pamba, nikakimbia naye mpaka shuleni kilimani. Njia nzima wanawake wanapiga vigelegele. Bucha mwenyewe akaninong'oneza, "Mjomba, nishushe, utakufa kweli." Sikumshusha.

Mgongo unauma kidogo. Si kwa sababu ya bucha, ni hali ya hewa.

15 Machi

Kikao cha kutathmini zoezi. Nilivaa shati la arusi nikingoja kusifiwa.

Mratibu akaniangalia. "Kituo cha Bondeni. Ulimbeba mtu mmoja vizuri sana." Nikaanza kuinuka. "Wengine wote wamekufa."

Kumbe nilipoondoka, gari la zimamoto lilifika, likakuta duara tupu, likaingia kichochoro cha kinyozi. Gari la wagonjwa likafika, likaona gari la zimamoto limeingia huko, likalifuata. Yote mawili yakakwama, moja haliwezi kwenda mbele, la pili haliwezi kurudi nyuma. Muuguzi akazunguka akiuliza nani mkubwa hapa. Na wale majeruhi wa kuigiza, walipoona hawajiwi, walikwenda kunywa chai. Walikuwepo kikaoni, wananitazama kwa macho mabaya. "Sisi wafu wako," mmoja akaniambia mlangoni, "tunakusalimu."

16 Machi

Sisemi na mtu.

20 Machi

Leo tumeitwa ukumbi wa jiji, vituo vyote. Hoja ilikuwa moja: nani anatoa amri ya watu kuhama? Meya alitaka kila amri ipitie kwake, iwe na sahihi yake, "ili kuwe na utaratibu." Wakuu wa idara wakatikisa vichwa kama mijusi ukutani.

Mratibu alisimama. Nilidhani atapandisha sauti, maana kwetu tunapandisha. Hakupandisha. Akasema, "Mheshimiwa, mwaka jana simu yako ilikuwa haipatikani." Kisha akanyamaza. Ukumbi mzima ulinyamaza naye. Mimi sijawahi kuona kunyamaza kukifanya kazi namna ile, kwangu kunyamaza ni maradhi.

Nikaona nimsaidie. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, maji hayajui kusoma sahihi." Wakacheka, na meya naye akacheka, na mwisho wake azimio likapita: maji yakifika alama nyekundu ya nguzo ya kupimia pale daraja la juu, msimamizi wa kituo anatoa amri hapohapo, na akikosea halaumiwi. Bila shaka ni ule mchango wangu uliomaliza kazi.

Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani. Hapo ndipo nikaelewa kwamba atakayetoa amri ni mimi.

24 Machi

Mafunzo ya redio ya mkononi. Sheria ni maneno machache, na ukimaliza useme "nimemaliza." Mwalimu amesema nina kipaji cha kutomaliza.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mvua. Mama watoto kachungulia, kasema nimeandika neno moja siku tatu. Ndivyo ilivyonyesha.

7 Aprili

Mvua imepungua. Mto umenenepa lakini una adabu. Nguzo iko alama ya njano, bado kufika nyekundu. Nimepita kwa dada, nikamwomba aende kwa binti yake siku chache tu. Amesema ana sare za darasa zima hazina vifungo. Nikakaa nikamsaidia kuvishona. Navyo ni vifungo imara, havitang'oka hata mtoto akikua.

Nikamuuliza kama huwa anamwona binti yake. "Namsikia redioni," akasema. "Anaongea vizuri. Nyumbani hana la kusema."

11 Aprili

Niandike haya haraka, kabla sijaanza kuyaongezea.

Asubuhi kulikuwa na jua kali. Mbingu safi, bluu kama sahani. Nilikuwa nimeinamia tairi la teksi, redio ikaita.

"Kituo cha Bondeni, hapa Chumba. Mvua kubwa imenyesha milimani. Nguzo ya daraja la juu imefika nyekundu. Maji yatakuwa kwenu kabla ya shule kutoka. Uamuzi ni wako. Nimemaliza."

Sauti ya binti wa dada, kavu kama karatasi.

Niliangalia juu. Hakuna wingu hata la kufutia jasho. Nikawaza, nikiwatoa watu na maji yasije, nitachekwa mpaka wajukuu wangu watachekwa. Nikawaza na wale tuliowazika. Nikakimbia hadi kwenye duara nikafungua koo.

"Bondeni! Maji yanakuja! Pandeni shuleni!"

Watu wakatoka milangoni, wengine na sabuni usoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo akaniambia, "Mjomba, leo umeamkia hadithi gani? Jua lote hili!"

"Maji yanakuja. Pandeni shuleni."

"Yana ukubwa gani hayo? Kama yale uliyoyaogelea na mbuzi wawili?"

"Maji yanakuja," nikasema. "Pandeni shuleni."

Kinyozi alikuwa mlangoni na mashine mkononi, mteja kanyolewa nusu. Akanitazama kwa muda. Kisha nikamsikia anawaambia wenzake, "Jamani, Mjomba hajaongeza chumvi. Kuna jambo." Akazima mashine. Mteja akaondoka na nusu yake ya nywele, na hapo mtaa ukaanza kutembea.

Umeme ulizimwa kabla sijauomba. Hakuna barua. Zimamoto walikuja moja kwa moja duarani, mkuu wao akauliza, "Kamba tufunge wapi?" Nikamwonyesha. Muuguzi akaja, hakuuliza nani mkubwa, aliuliza tu apite wapi. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kubeba kitu. Wazee wanapita, mikeka inapita, kuku wanapita, na mimi nimesimama kama mlingoti naonyesha kwa kidole. Kusimama kunachosha kuliko lori.

Bucha, aliyejitolea kuwa mpita nyumba kwa nyumba, akaita kwenye redio. "Mjomba, niko mlango wa bluu. Mama hatoki. Anasema mpaka uje wewe. Nimemaliza."

Kutoka duarani kichochoro kinanyooka hadi kwa dada. Nauona ule mlango, naiona cherehani ndani. Mbali pale nyuma ya nyumba mto ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Nikainua mguu. Nao ulikuwa nje ya mstari.

Ndipo mwalimu wa chekechea akatokea na watoto wake, wameshikana mashati kama treni, analia, "Kwa kinyozi pamezibwa na mkokoteni, nipite wapi?" Kama angekuta duara tupu, angeshuka nao kuelekea mtoni, maana ndiyo njia anayoijua.

Nikamwambia, "Ukuta wa kinu, kisha kulia, fuata kamba." Nikaurudisha mguu. Nikabonyeza redio, nikijua mji mzima unasikia.

"Dada, ni mimi."

"Uko wapi?"

"Duarani."

"Uliapa."

"Niliapa. Watoto wa chekechea wanapita hapa sasa hivi. Nikija kwako hawatajua njia. Nimemaliza."

"Hujamaliza! Wewe lini umewahi kumaliza!"

"Dada, kubali bucha akubebe."

"Bucha huyu? Anayenipimia mifupa huku kidole kiko kwenye mizani?"

Nikasikia bucha kando yake, "Mama, leo sina mizani. Panda mgongoni, nakuomba."

Hakuna kituo kilichoingilia. Nilingoja Chumba kiseme neno, nilingoja binti amwambie mama yake japo moja, lakini Chumba kilikuwa kimya kama kaburi. Nilimkasirikia. Nilisema moyoni, huyu mtoto kaumbwa na chuma.

Kisha, polepole: "Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Usitoke hapo. Ukitoka nitakuchapa mbele ya watu."

Maji yalikuja na sauti kwanza, kama malori yanamwaga kokoto. Halafu yakaja yenyewe, ya kahawia, na madumu na milango na mti mzima. Bucha akatokea kichochoroni yakiwa kiunoni mwake, dada mgongoni, mkasi wake mkubwa mkononi kaushika juu kama bendera. Walipita mbele yangu. Dada hakunitazama.

"Kushoto," nikawaambia. "Shika kamba."

Yaliponifika magotini, na rangi nyeupe haionekani tena, nikaita, "Chumba, duara limezama. Nahamia ngazi za kinu. Wote wanione ngazi za kinu. Nimemaliza."

"Tumekusikia, Kituo cha Bondeni," akasema binti. Safari hii sauti haikuwa kavu.

Jioni walihesabu watu kule shuleni, nyumba kwa nyumba, wakarudia. Wote wapo. Nyumba ya mlango wa bluu haipo.

12 Aprili

Nimelala mchana kutwa. Koo halitoi hata mluzi.

15 Aprili

Tathmini, ukumbi wa jiji. Meya alianza kutusifu. Mratibu akamwomba kwa heshima asubiri, kwanza kila mtu aseme kilichokwenda kombo kwake. Na meya, nitamheshimu kwa hili, alikuwa wa kwanza. Alisema aliita kwenye redio kumuulizia mtu wake wakati njia ilitakiwa iwe wazi, na hatarudia. Sijawahi kusikia mkubwa akisema hatarudia bila kuwa mahakamani.

Nilipofika mimi nilisema duara la Bondeni limewekwa chini mno, lihamishwe mlangoni pa shule. Nikasema wasioweza kutembea wahamishwe nguzo ikiwa bado njano, tusingoje nyekundu, wala tusingoje ndugu zao. Nikakaa. Watu waligeuka kuangalia kama ni mimi kweli.

Wakati wa chai niliwasimulia juu ya kambare aliyenigonga gotini pale kwenye maji, mkubwa kama mtumbwi, akaniomba radhi. Mtu asije akafikiri nimeugua.

18 Aprili

Dada yuko kwangu. Amehamisha kitanda changu, amehamisha meza, amemfundisha mama watoto kunijibu. Yeye mwenyewe hanisemeshi. Ananipitishia chumvi bila kunitazama. Bucha alileta nyama jana, dada akamkaribisha kwa jina la utotoni.

Nikajikaza nikamuuliza: dada, bado una kinyongo nami kwa kutokuja?

Akashangaa. "Nawe ulifanya nini? Ulisimama ulipoambiwa." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Aliyenikosea siyo wewe."

20 Aprili

Mratibu kaja leo, mara ya kwanza tangu maji. Kachoka, viatu vina tope, kapungua uzito. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, miguuni pa mama yake, kama alivyokuwa akikaa kusukwa nywele.

Dada aliendelea kushona. Cherehani tuliyomkopea inapiga kelele kama mbuzi, lakini alishona mpaka mwisho wa mshono. Kisha akasema, "Siku ile nilimsikia mjomba wako. Nikamsikia bucha. Sauti yako sikuisikia."

Binti akainamisha kichwa. "Nilikuwepo, mama. Nilisikia kila neno."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeuma ukosi wa shati langu. Ningefungua mdomo ningelia, na ningelia, vituo vyote vingesikia. Nani angebaki kwenye duara lake?" Akafunua ukosi. Palikuwa na alama za meno, kitambaa kimetoboka kabisa.

Dada akakichukua kile kitambaa kati ya vidole vyake, akakigeuzageuza kama anavyopima kazi ya fundi mwingine. Akavaa miwani. Akatazama tena.

"Vua nikutilie kiraka," akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, "Umekula?"

"Bado, mama."

Mimi nilitoka nje nikajidai naangalia mawingu. Hayakuwepo, lakini niliyaangalia kwa muda mrefu.